Fundi wa Pancha Ahesabu Viputo

Kazi yangu ni upepo.
Tangu nifike Langa Langa na pampu ya mguu
nautia, nautoa, nauwinda.
Naizamisha tyubu kwenye karai la maji machafu,
naizungusha robo kwa robo,
kiputo kikichomoza nasema: hapa.
Nakwaruza, napaka gundi, nabandika kiraka.
Kwangu kiputo kilikuwa kidonda.

Ndipo akaja Bosibori.

Mamake alimbusu kipajini siku ya arobaini,
akalamba midomo, akanitazama:
"Mtoto huyu ana chumvi."
Nikacheka. Nikamwambia, mtoto wa Nakuru,
amezaliwa kando ya ziwa la magadi,
ulitaraji sukari?
Kicheko hicho nimekilipia miaka mitatu.

Wakasema nimonia. Wakasema pumu.
Wakasema kifua kikuu, akameza dawa miezi sita.
Wakasema ni vumbi, si ndilo lililoupa mji huu jina?
Shemeji yangu akashusha sauti: kuna mkono wa mtu.
Hadi daktari mmoja akampima jasho,
jasho, kitu ninachomwaga bure kando ya barabara,
akatuandikia jina refu kwenye karatasi.
Nikalikunja mara nne,
nikalitia ndani ya kopo la nati.

Bi Chelagat wa mazoezi hakutoa mashine.
Aliomba chupa ya soda, ile ya lita mbili,
mpira mwembamba, maji, tone la sabuni.
(Mpira nilinunua mpya. Kwa hili sikutaka mtumba.)
"Vuta. Shika. Moja, mbili, tatu.
Sasa puliza polepole,
kama unapoza uji wa mgeni."
Povu likapanda shingo ya chupa, likamwagika mezani,
mtoto akacheka, kicheko kikawa kikohozi,
kikohozi kikaleta kohozi zito kama gundi yangu.
"Hilo," akasema Bi Chelagat, "ndilo tulilolifuata."

Alfajiri namlaza ubavu,
nakunja kiganja kama kikombe,
napiga mgongo, kushoto, kulia, chini ya bega,
bila hasira na bila kubembeleza.
Mpangaji wa pili aligonga ukuta wiki nzima.
Siku aliyokuja kumwokoa mtoto
alisimama mlangoni na mwiko mkononi,
akamkuta Bosibori anahesabu makofi kwa Kigusii,
anaruka saba kwa makusudi ili tuanze upya.

Jioni anasukuma tairi kuukuu
hadi kwa muuza makaa na kurudi,
na wateja wangu wakija na pikipiki
anapanda juu ya kreti, anaachama mbele ya kioo:
haa! haa!
Hivyo ndivyo alivyofunzwa kuvuta kohozi juu.
Kioo kikishika ukungu anaandika B,
na mwenye pikipiki analalamika.

Zipo siku hataki.
Anatupa mpira, anasema: "Vuta zako!"
Zipo siku mimi ndiye sitaki,
nimelala na viatu, na chupa imekauka dirishani.

Juzi aliniuliza, mkono ndani ya karai:
"Baba, na mimi nina pancha?"
Nilizungusha tyubu ya watu muda mrefu.
Nikamwambia, wewe huna tundu,
njia zako ni nyembamba, upepo unapanga foleni.
Akasema, "Basi niwekee kiraka cha foleni."
Sikuwa nacho. Nilimwambia sina.

Yupo mzee wa Kiamunyi mwenye baiskeli ya maziwa.
Gurudumu lake la nyuma linashuka kila usiku,
tundu sijalipata mpaka leo.
Kila asubuhi anakuja, natia upepo,
anakwenda na makopo yake, anarudi.
Huu mwaka wa tisa.

Saa kumi na moja na nusu. Bado giza.
Naosha chupa, natia maji, sabuni tone moja.
Jana pumzi moja ilifika tisa.
"Baba, hesabu vizuri, usiruke."
Moja.